Andika Zawadi, Mama

Leso jozi tatu na yadi nne za kitenge. Nilizipiga pasi, nikazikunja kwa upana wa kiganja, nikazivika karatasi ya kaki na kuzungusha selotepu hadi pembe zikakaza. Jirani yangu muuza nyama hapa Kawangware alinipimia kwenye mizani yake: kilo moja na gramu mia tisa. Nikapanda matatu ya 46 kwenda mjini nikiwa na ile raha ya fundi aliyemaliza kazi bila kuacha uzi unaoning'inia.

Kwenye kaunta ya kwanza, katikati ya mji, karani alishika kisu kabla hajanisalimu. "Mama, mbona umefunga? Mzigo unakuja wazi, tunakagua, ndiyo unafungiwa hapa." Sikubisha. Kinachopanda ndege lazima kikaguliwe. Akapasua, akapekua, akaweka kwenye mizani, nayo ikakubaliana na ile ya muuza nyama, mtu ambaye mtaa mzima unamshuku. Kisha akaniambia mwenye fomu ameenda chakula, nirudi kesho.

Kesho yake nikarudi na mzigo umefungwa kwa kamba tu. Kiti kilekile, karani mwingine. "Mama, hatupokei mzigo ulio wazi. Kitu kikipotea utasema ni sisi." Nikamweleza ya jana. Akatazama juu ya kichwa changu, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Siku ya tatu nilijaribu tawi lao lingine, la huku magharibi karibu na nyumbani. Safari hii nilikuwa nimefunga upande mmoja na kuacha mwingine wazi, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja ili asigombane na aliyesema vaa wala aliyesema vua. Hapo hawakujali habari ya kufunga. Walichojali ni uzito, na mizani yao ikasema kilo mbili na gramu arobaini. Kwao kifurushi kidogo hakizidi kilo mbili. Ukivuka hapo bei inaruka. Leso zangu zilikuwa zimenenepa njiani.

Shirika lenyewe sitalitaja. Nairobi ina mengi yanayotuma mizigo ng'ambo, na nina hakika kila msomaji analo lake akilini tayari. Isitoshe, karani wa siku ya tatu alikuwa kijana mwenye adabu, wa umri wa kitindamimba wangu, na ninalotaka kusema si la kumfukuzisha mtu kazi.

Yeye ndiye aliyeniuliza swali ambalo bado linanizungusha. "Hii ni nguo ama ni kitambaa?"

Nikacheka. Kisha nikaona hatanii, kwa sababu fomu ya forodha ilitaka namba. Kuna mfumo wa namba wa dunia nzima, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lililoko Brussels, ulioanza kutumika mwaka 1988. Kila kitu kinachovuka mpaka kina sura yake humo. Vitambaa vya pamba viko sura ya 52. Nguo zilizoshonwa ziko ya 62. Sura ya 63 ni ya vitu vilivyokamilika kama mashuka na taulo, na mwishoni mwake, chini ya 63.09, kuna mitumba yetu tunayoijua. Sasa leso ni ipi? Inauzwa jozi moja bila kukatwa, kwa hiyo ni kitambaa. Inavaliwa bila sindano kuigusa, kwa hiyo ni nguo. Mfumo wenyewe unasema kitu kilichotoka kiwandani tayari kutumika, kinachohitaji kutenganishwa kwa kukatwa tu, huhesabiwa kuwa kimekamilika. Lakini mwanamke gani wa heshima anavaa leso ambayo haijapindwa? Brussels hawakumuuliza bibi yangu.

Kijana akauliza tena: ni pamba asilimia ngapi? Hapo nilikuwa na jibu la fundi. Nikachomoa uzi kwenye pindo, nikatoa kiberiti kwenye mkoba. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu. Polista hukunjamana na kuganda kama shanga. Kabla sijawasha, mlinzi alikuwa ameruka kutoka mlangoni. Ikabidi niombe radhi kwa watu kumi na wawili waliokuwa kwenye foleni, na uzi wangu haukuungua.

Ndipo kijana, kwa huruma ya kweli, akainama karibu na kioo na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, andika zawadi tu. Ukiandika biashara watakusumbua huko mbele."

Mpwa wangu wa Leeds alikuwa ameshanilipa jozi mbili na kitenge, kwa ajili ya marafiki zake. Jozi ya tatu tu ndiyo iliyokuwa zawadi, kwa mtoto atakayezaliwa. Nikaandika zawadi. Na kwa kuwa Uingereza haitozi VAT kwenye zawadi isiyozidi thamani ya pauni 39, nikaandika pauni thelathini na tano, jambo ambalo kijana hakuniambia nifanye. Nikatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba yote niliyoeleza ni sahihi.

Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka. Wamishonari watatu Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na nyumbani kwetu Maragoli imani hiyo imekuwa kama mkeka wa nyumbani, hujui ulianza lini kuukalia. Marafiki hatuapi. Watu hudhani ni kwa sababu Yesu alikataza, basi. Ni kweli alikataza, lakini wazee wetu walikuwa na hoja nyingine juu ya hiyo: anayeapa kwamba sasa anasema kweli amekiri kwamba kuna wakati mwingine huwa hasemi. Kiapo ni jiwe la pili ndani ya mfuko.

Mfano huo wa jiwe si wangu. Umo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inapokatazwa kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Nimefundisha somo la dini miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu na kurudi kwenye cherehani, na kila mara nilieleza aya hizo kama habari ya wizi. Sasa naona nilizifundisha kwa haraka. Lililokatazwa hapo si kuwa na jiwe zito au jepesi. Mji unaweza kukubaliana jiwe lake liwe zito wanavyotaka. Ubaya ni hayo mawe mawili katika mfuko mmoja.

Duka ninakonunulia leso liko Biashara Street, ile iliyoitwa Bazaar zamani. Mtaa huo una mizaha yake: kuna duka la siku nyingi, Haria's Stamp Shop, ambalo jina linasema stempu na rafu zinasema kikoi na kitenge. Mwenye duka langu ni Mwislamu, na adhuhuri adhana ya Msikiti wa Jamia hutufikia juu ya honi za magari. Yeye hupima kitambaa kwa fimbo ya chuma iliyopigiliwa kwenye meza, wala hapimi kwa mkono hata ukimharakisha. Nilipomsimulia visa vyangu aliniambia kwamba kwao kuna sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na kwamba watu hao wanaelezwa hivi: wakipokea hutaka kipimo kitimie, wakitoa hupunguza. Tukakubaliana, Mkristo na Mwislamu, juu ya yadi nne za kitenge. Kisha nikamwuliza lililokuwa likinisumbua.

Karani wa siku ya kwanza ana jiwe lake moja: mzigo uje wazi. Wa siku ya pili naye ana lake moja: mzigo uje umefungwa. Kila mmoja kwa upande wake ni mwaminifu, na akiulizwa siku ya hukumu atatoa jiwe moja tu. Basi mfuko wenye mawe mawili ni wa nani?

Mzee alikunja kitenge kimya. Mwishowe akasema, "Wa mwenye duka." Nikamwuliza mwenye duka ni nani, kwa kuwa mkubwa wao atasema alitoa waraka ulio wazi, na waliouandika watasema walifuata masharti ya ng'ambo, na ng'ambo nako kuna kaunta na chakula cha mchana. Akasema nimlipe, kuna wateja.

Vitabu vitakatifu vinamfahamu vizuri mchuuzi sokoni, mtu mmoja na mizani yake, lakini ofisi ni kiumbe kipya. Inaweza kumtendea mtu maovu bila mtu yeyote ndani yake kutenda ovu. Dhambi ipo, kwa sababu mimi nimepoteza siku tatu na nauli ya kwenda na kurudi. Mwenye dhambi hayupo. Na tazama kinachofuata: uongo wangu wa zawadi una mwenyewe. Una jina, namba ya simu na sahihi. Ofisi isiyo na roho imenisukuma mimi mwenye roho hadi pembeni, na aliyeanguka ni mimi. Sisemi hivi ili nijitoe. Nasema tu kwamba mpangilio huu si wa haki, na mtu anayehubiri ukweli bila kuuona mpangilio huu anawahubiria wanaosimama kwenye foleni peke yao.

Nimewasikia watu wenye jibu jepesi: sheria iwe moja, ngumu kama chuma, ifuatwe na wote, kwisha. Jibu hilo lina historia nzuri, na nalipenda. Marafiki wa kwanza Uingereza, enzi ya George Fox katika karne ya 17, waliacha kupatana bei. Walitaja bei moja na kubaki hapo, ikawa hata ukimtuma mtoto dukani anarudi na kitu cha thamani ileile ambayo ungepewa wewe. Tena kuna mwalimu mwenzangu, Rowland Hill, aliyeacha kufundisha akajishughulisha na barua. Kabla yake barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Kuanzia tarehe 10 Januari 1840 ikawa peni moja kwa barua nyepesi popote ndani ya nchi. Maskini akajua bei kabla ya kutoka nyumbani. Kujua kabla ya kutoka nyumbani: sikuwahi kulifikiria jambo hilo kuwa la kiroho hadi siku ile ya pili.

Lakini mimi ni fundi, na chuma peke yake hakinishawishi. Jaribu kumpima mtu kiuno kwa fimbo ya yule mzee wa Biashara Street. Fimbo ni kweli tupu, haidanganyi hata nukta, na haitakupa sketi. Kwa mwili unahitaji tepu.

Kitindamimba wangu, aliyesoma falsafa na sasa anauza bima, aliacha vitabu vyake kwangu. Katika kimoja Aristotle anazungumzia waashi wa kisiwa cha Lesbos waliokuwa na rula ya risasi, ile madini laini. Ililala juu ya jiwe na kufuata umbo lake. Anasema uadilifu wa hali ya juu uko hivyo, kwa kuwa sheria huandikwa kwa ajili ya mambo ya jumla, na mambo ya watu huwa na mabonde na vilima. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaitazama tepu iliyokuwa shingoni mwangu. Inchi sitini upande mmoja, sentimita mia moja na hamsini upande wa pili. Inazunguka kifua cha kila mwanamke anayeingia hapa na haijawahi kumwambia yeyote kwamba yuko nje ya utaratibu.

Ila risasi haina inchi, na hapo ndipo ninapoachana kidogo na mzee wa Kigiriki. Tepu inapinda, lakini inchi ya saba ni inchi ya saba iwe kwenye nyonga ya binti wa shule au ya mama wa kwaya. Tepu mbovu ni nyingine kabisa. Zile za plastiki za bei rahisi, baada ya mwaka au miwili ya kuvutwa, huongezeka urefu. Unampima mtu 38 kumbe ni 39, na nguo inambana siku ya harusi. Kila Januari huilaza yangu juu ya rula ya chuma, na ikiwa imevutika naikata vipande ili nisije nikaishika tena kwa mazoea.

Makarani wale watatu hawakupinda. Kupinda ni kunitazama, kuona mzigo ni leso, mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyekuja jana na juzi, na kusema: sheria inataka hivi, lakini kwa sababu hii na hii tufanye hivi. Wao walivutika. Kila mmoja alikuwa na inchi yake na akaiita sheria. Nilipouliza imeandikwa wapi, wote walitoa jibu moja, jambo pekee walilokubaliana: "Mama, ni sistimu."

Niwatetee kidogo. Masharti ya ng'ambo hayatulii. Uingereza ilibadilisha kodi za vifurushi vidogo Januari 2021, Umoja wa Ulaya ukafuata Julai mwaka huohuo, na tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ikaondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800. Kijana wa kaunta hupata waraka mpya kabla hajaumaliza wa zamani. Sheria kubadilika si kosa. Hata mitindo ya mikono hubadilika. Angeniambia "ilibadilika Jumatatu, pole," ningerudi nyumbani nimechoka lakini sijatukanwa. Kilichoniuma ni kuambiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote, na kwamba jana niliota.

Ningeishia hapo, nikiwa upande wa walioonewa, kama si jambo lililotokea siku moja kibandani kwangu.

Barabara chache kutoka kwangu Kawangware inaisha na Lavington inaanza. Unavuka kutoka vumbi hadi kwenye majani yaliyokatwa. Wateja wangu wanatoka pande zote mbili, na kwa miaka sketi ya kitenge, ushonaji tu, imekuwa shilingi mia nane kwa jirani na elfu moja mia tano kwa mwenye gari. Sikuwahi kuiandika bei hiyo ukutani. Siku hiyo waliingia pamoja: jirani yangu mjane mwenye watoto wanne shuleni, na mama mmoja wa Lavington, mstaarabu, aletaye chai ya Kericho kila Krismasi. Wote walitaka sketi. Wote wakauliza, "Mwalimu, ni pesa ngapi?"

Sketi moja, urefu mmoja, zipu moja. Nikaanza kukohoa.

Nilijiambia kwamba ile ya jirani ni tepu iliyopinda, ndiyo rehema. Na naamini hivyo, kwa sababu ningeweza kuisema mbele yao wote wawili bila haya: huyu anasomesha wanne peke yake, nampunguzia. Mama wa Lavington angetikisa kichwa kukubali. Lakini sababu ya ile elfu moja mia tano je? Niliitafuta yenye kuweza kusemwa kwa sauti, sikuipata. Sababu ilikuwa gari. Kama yeye angeniuliza imeandikwa wapi, ningemwambia ni sistimu. Na kwangu hakuna waraka wala mkubwa wala Brussels. Mfuko ni wangu na mawe yote mawili nimeyatia mwenyewe.

Nikasema sketi ni elfu moja, na kwa jirani ni mia nane kwa sababu anazozijua. Mama wa Lavington akanitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya miaka. Alilipa, akashukuru. Krismasi hiyo chai haikuja, na sijui kama ni kwa hilo.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliagiza tena. Jozi mbili za kuuza, na jozi moja nyingine ya mtoto, kwa sababu ile ya kwanza alishaitumia kumbebea hadi ikapauka. Nikaenda tawi lilelile la magharibi. Kijana alikuwepo, akanikumbuka kwa kiberiti. Mizani ilikuwa imerekebishwa, au imebadilishwa. Akasukuma fomu: zawadi, bidhaa, sampuli, mengineyo, kila kimoja na kisanduku chake.

Nikatia alama mbili, kwenye zawadi na kwenye bidhaa, na pembeni nikaandika ni jozi ngapi za huku na ngapi za kule.

"Mama, chagua moja."

"Mwanangu, ziko mbili."

Akamwita msimamizi. Msimamizi akaja, dada mpole mwenye miwani, akaisoma fomu mara mbili. Akasema ananielewa kabisa, ila kompyuta inakubali alama moja tu. Nyuma yangu mtu alipiga mluzi. Nikaomba mkasi, nikafungua kifurushi, nikatoa jozi ya mtoto, nikaandika fomu mpya ya bidhaa yenye bei kamili, na kulipa. Kutuma hiyo jozi moja peke yake kungegharimu zaidi ya leso yenyewe.

Nilirudi nayo nyumbani nimeipakata. Ipo hapa juu ya cherehani, bado haijakatwa katikati, na mpwa wangu ameniandikia mara mbili akiuliza kama nimeisahau.